Upande wa Kivuli

Kiti kile nilikilipia zaidi. Nilitazama mchoro wa ndege kwenye simu, nikatafuta mraba wowote wa dirishani uliokuwa bado wazi, nikabonyeza 31A, basi. Ilikuwa safari ya mchana kutoka Frankfurt kwenda Chicago, mwezi Februari. Niliwaza bahari, mawingu na barafu. Jua sikuliwaza hata mara moja.

Saa mbili baada ya kuruka, shavu langu la kushoto lilikuwa la moto kama la mtu aliyekaa ubavuni mwa jiko. Jua la Februari katika maeneo yale ya kaskazini halipandi. Linatambaa chini chini upande wa kusini, na mwanga wake unaingia dirishani ukiwa umelala. Tena haukuishia kwangu. Ulinipita puani ukaenda kumtua usoni mama aliyekaa kiti cha katikati, ambaye alikuwa akitafuta usingizi. Tulikuwa tumekwisha kusalimiana na kugundua kwamba lugha yetu ni moja. Alivumilia kwa muda, akafunika macho kwa ncha ya mtandio, mwishowe akaniambia kwa upole, "Mwanangu, samahani, huwezi kukishusha hicho kifuniko kidogo? Jua linanichoma macho."

"Bila shaka, mama. Samahani sana."

Nikashusha. Kuanzia hapo nilikuwa nimelipia kukaa kando ya ukuta. Kila baada ya muda nilikiinua kifuniko kiasi cha kidole kimoja nichungulie, na kila nilipochungulia nilikuta jua lile lile, mahali pale pale, na chini yake bahari inayometameta kiasi kwamba macho hayakuweza kuitazama. Tuliondoka saa 4:30 asubuhi, tukatua saa 7 mchana kwa saa za kule, na katikati ya hapo tulikuwa tumekaa hewani kwa muda wa saa 9 na nusu. Wakati huo wote jua halikutuhama.

Nilipofika nilikuwa na kichwa kinachogonga, lakini kilichonisumbua zaidi ni lile jua lililokataa kusogea. Nilikaa kuitafuta sababu, nikaikuta ni ya hesabu nyepesi. Mzingo wa dunia kwenye Ikweta ni kama kilomita 40,075, na dunia inajizungusha mara moja kwa siku. Kwa hiyo mtu aliyesimama Ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa bila kujijua. Kadiri unavyokwenda kaskazini mduara unapungua, na kasi inapungua nao. Kwenye latitudo ya 58 imebaki kama kilomita 885 kwa saa. Njia fupi ya kutoka Frankfurt hadi Chicago inapanda hadi karibu na latitudo hiyo hiyo, na ndege kubwa ya abiria hukata kama kilomita 900 kwa saa. Yaani dunia ilikuwa ikitubeba kwenda mashariki, nasi tukirudi magharibi kwa mwendo unaokaribia kulingana. Kama si upepo wa mbele, kwenye sehemu ile ya kaskazini zaidi jua lingekaribia kusimama kabisa. Hata hivyo, kwa saa za ukutani, safari nzima ilitupotezea saa mbili na nusu tu za mchana.

Ndipo nilipoelewa hadithi ya Concorde, ambayo niliwahi kuisikia bila kuijali. Ndege ile iliruka kwa kasi inayofikia mara mbili ya sauti, na abiria wake waliondoka London wakafika New York saa za kule zikiwa bado nyuma ya saa waliyoondokea. Tarehe 30 Juni 1973, Concorde ya majaribio iliyobeba wanasayansi ilikimbizana na kivuli cha mwezi juu ya Afrika wakati wa kupatwa kwa jua, ikakaa ndani ya giza lile kwa dakika 74. Aliyesimama ardhini aliliona giza hilo kwa dakika chache tu. Nimeirudia habari hiyo mara nyingi kichwani, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niache kufikiri juu ya jua peke yake, nikaanza kufikiri juu ya kivuli.

Lugha yetu hutumia neno moja hapo. Kivuli ni pale unapojikinga na jua, na kivuli ni ile picha yako nyeusi inayokufuata. Sikujua kwamba ndani ya ndege mambo hayo mawili hukutana kwenye dirisha moja. Nilijifunza polepole, safari baada ya safari.

Cha kwanza nilichobadilisha ni kuitazama njia kabla ya kuutazama mchoro wa viti. Ramani bapa ya ukutani inadanganya, maana inakuonyesha kwamba kutoka Ulaya kwenda Marekani unakata bahari moja kwa moja kuelekea magharibi. Chukua tufe la dunia, vuta uzi kati ya miji miwili, uukaze. Hapo utaona uzi unavyopanda kaskazini kisha unavyoshuka. Ndege haifuati uzi huo kwa unyoofu, kwa sababu marubani hupangiwa njia kulingana na upepo na anga zilizo wazi, lakini uzi unatosha kukuambia ubavu gani utatazama wapi. Kuna nyuzi za kushangaza. Ule wa Dubai hadi Los Angeles unapita karibu na Ncha ya Kaskazini, kwa hiyo dirisha la kushoto linaanza safari likitazama magharibi na kuimaliza likitazama mashariki, ingawa hakuna aliyehama kiti.

Ukishaijua njia, lililobaki ni kujua jua litakuwa wapi. Ukielekea kaskazini asubuhi, jua liko kulia; alasiri liko kushoto. Ukielekea kusini, geuza. Kwa safari za mashariki na magharibi, swali ni uko nusu gani ya dunia. Kaskazini, mbali na Ikweta, jua la mchana liko kusini, kwa hiyo anayekwenda magharibi analipata kushoto na anayetoka huko kurudi mashariki analipata kulia. Kusini mwa dunia ni kinyume: anayeruka mchana kutoka Sydney kwenda Santiago ana jua kaskazini, yaani kushoto kwake, na upande wa kulia, wenye kivuli, ndio unaoelekea Antaktika. Katikati, kwenye maeneo ambayo jua hupita utosini, inategemea mwezi. Mwezi Juni jua limehamia kaskazini mwa Ikweta, hadi latitudo ya 23 na kitu. Mwezi Desemba limehamia kusini kwa kiasi hicho hicho. Adhuhuri huko paa la ndege ndilo linalopigwa, na madirisha ya pande zote mbili yanapumua.

Kuhusu herufi, A kwa kawaida ni kushoto ukiwa umekaa ukitazama mbele, ndege inakokwenda. Kulia ni K kwenye ndege nyingi kubwa zenye njia mbili, na F kwenye ndogo zenye viti vitatu vitatu. I hurukwa kwa sababu inafanana na tarakimu 1.

Nilijiona nimemaliza somo. Kisha nikaruka kutoka Amsterdam kwenda Johannesburg mwezi Septemba, tukiondoka saa 4 asubuhi, nikakaribia kukosea tena. Nilijiambia: tunaelekea kusini, ni asubuhi, jua liko mashariki, kwa hiyo nikimbilie kulia. Nilikuwa nimeshaweka kidole juu ya kiti cha kulia nilipokumbuka kuhesabu. Asubuhi ingekwisha baada ya saa tatu hivi. Baada ya hapo jua lingevuka utosini, literemke magharibi, na kulia ndiko lingekaa kwa muda wa saa tano au zaidi hadi kuzama. Nikakubali kuchomwa kidogo asubuhi ili nipate kivuli mchana kutwa. Nikachagua kushoto.

Sijawahi kufanya uamuzi bora zaidi kuhusu kiti. Juu ya milima ya Alps jua lilikuwa upande wangu, nikashusha kifuniko nusu, nikaona theluji kwa kuchungulia. Tulipoimaliza Mediterania jua lilikuwa limekwisha kupanda, na Sahara ikafunguka. Watu husema jangwa ni kitu kimoja kirefu cha rangi moja. Nilitazama kwa saa nyingi na sikuona sehemu mbili zinazofanana: matuta yaliyopangwa kwa mistari kama mchanga uliochanwa kwa kitana, miamba myeusi iliyochomoza peke yake, mabonde makavu yenye matawi kama mti uliolazwa chini, alama ya maji yaliyopita zamani sana. Na niliweza kuona yote hayo kwa sababu jua lilikuwa nyuma yangu. Hili ndilo nisilolijua hapo awali. Ukikaa upande wa jua, unatazama ardhi dhidi ya mwanga. Ukungu wote ulio hewani unawaka mbele yako, na mikwaruzo ya kioo inang'aa. Ukikaa upande wa kivuli, jua linamulika ardhi kutokea nyuma ya bega lako, na rangi zinatulia: nyekundu inakuwa nyekundu, kijani kinakuwa kijani. Nilikitafuta kivuli ili nisichomwe, na kumbe huko ndiko mandhari yalikokuwa.

Jioni ikaja. Abiria wa upande wa kulia walikuwa wakipiga picha za machweo, wengine wa katikati wakinyoosha shingo kuelekea kwao. Nami nilitazama mashariki, nisitegemee kitu. Juu ya upeo kulikuwa na utepe wa rangi ya waridi, mpana na laini, na chini yake utepe mwingine wa buluu iliyokolea, uliokuwa ukipanda polepole ukiumeza ule wa waridi. Utepe ule wa buluu ni kivuli cha dunia. Jua likiwa linazama magharibi, dunia yenyewe inatupa kivuli chake angani upande wa mashariki, na wa juu wake, ule wa waridi, wanaastronomia huuita Ukanda wa Zuhura. Kutoka ardhini huonekana pia, ila majengo, vumbi na miti huuficha. Kutoka urefu wa mita 11,000, upeo wa macho uko umbali wa kilomita 370 hivi, na hakuna kinachozuia. Niliutazama hadi buluu ilipofunika kila kitu. Ndani ya ndege, hakuna aliyegeuka kuutazama.

Sitaki nionekane kama nauonea upande wa jua. Una vyake, na nimeviona. Mito na maziwa hayaonyeshi sura yake halisi ila pale mwanga unapoyagonga na kurudi kwako: mto uliokuwa uzi wa kahawia unageuka ghafla kuwa waya wa fedha, kisha vijito vyake vinawaka kimoja baada ya kingine kadiri ndege inavyosogea. Na mara mbili nimeona jua la pili, chini ya upeo, likielea juu ya mawingu membamba na kufuatana nasi. Ni vipande vidogo vya barafu vilivyolala bapa angani vinavyorudisha mwanga kama vioo. Machweo nayo hukaa kidogo zaidi huko juu: kwenye Ikweta, mtu aliye katika urefu ule huliona jua kwa dakika kama 13 baada ya aliye chini yake kulipoteza. Kama safari yako ni fupi, au inaanza alasiri, chukua upande wa jua bila woga. Safari inayochukua saa kumi nzima za mchana ni jambo jingine.

Ila kanuni zangu zilinitupa mwezi Juni. Nilikuwa narudi kutoka Chicago kwenda Frankfurt, tukaondoka saa 4 usiku. Nikajiambia kwamba tunakwenda mashariki, jua litakuwa kusini, yaani kulia, hivyo nikae kushoto nilale hadi kuche. Nilisahau kwamba katika kiangazi cha kaskazini jua halichomozi mashariki kamili. Kwenye latitudo zile linachomoza kaskazini-mashariki, na kwa ndege inayokwenda mashariki huko ni mbele kidogo, kushoto. Mwanga ukanipiga usoni wakati saa yangu ya mkononi, ambayo sikuwa nimeirekebisha, haijafika hata saa 8 usiku. Usingizi wenyewe ulikuwa wa dakika chache.

Nisingesamehe kosa hilo kama si kilichotangulia jua. Usiku ule haukuwa mweusi kamili upande wa kaskazini. Jua lilikuwa likipita karibu chini ya upeo, na kulikuwa na ukingo wa mwanga uliotembea nalo kutoka kushoto nyuma hadi kushoto mbele. Ndani ya ukingo ule kulikuwa na mawingu ya ajabu, meupe yenye ubuluu, membamba kama mawimbi ya maji ya kina kifupi. Ni mawingu yanayokaa kama kilomita 80 juu, mbali kabisa juu ya mawingu ya mvua, na huonekana hasa majira ya kiangazi. Hung'aa usiku kwa sababu yako juu kiasi cha kuendelea kupata jua wakati sisi tumo gizani. Ili kuyaona nilijifunika blanketi kichwa na dirisha pamoja, maana taa ndogo za ndani zinajionyesha kwenye kioo na kuziba kila kitu. Anayetaka kuona nyota, radi za mbali au taa za kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku karibu na Ncha, afanye hivyo hivyo, na ayape macho dakika kumi na tano yazoee giza. Jirani atadhani una homa. Mweleze, naye atataka kuona.

Kuna mambo mengine niliyoyalipia kwa uchungu, nayapitia haraka. Kiti kinachoitwa cha dirishani huenda hakina dirisha. Nimewahi kukipata: ukuta mtupu, dirisha moja mbele ya magoti ya mwenzangu na jingine nyuma ya kichwa changu. Madirisha hukatwa na mtengenezaji wa ndege, lakini viti hupangwa na shirika kwa nafasi linayoitaka, kwa hiyo havilingani daima. Na mahali pengine mabomba ya hewa hupita ukutani, dirisha halikuwekwa kabisa. Tafuta mpangilio wa ndege yenyewe kabla ya kulipa. Bawa nalo linafunika ardhi kwa safu nyingi kuliko mchoro unavyoonyesha. Mbele ya bawa ni bora kuliko nyuma yake, kwa sababu nyuma ya injini hewa ya moto hutetemesha kila unachokitazama, ila nikikosa mbele huenda nyuma kabisa mkiani, ambako pembe inafunguka tena. Kwa picha, vaa nguo nyeusi isijionyeshe kwenye kioo, sogeza lenzi karibu bila kuigusisha, na uache nyumbani kichujio cha kupunguza mng'ao, kwani plastiki ya dirisha itajaza picha yako michirizi ya rangi.

Ndege nyingine za kisasa hazina kifuniko cha kushusha. Kuna kitufe, na kioo chenyewe kinageuka buluu iliyokolea. Nilifurahi nilipokikuta mara ya kwanza, kwa kuwa unaweza kutia giza na bado ukaona nje. Lakini kwenye upande wa jua, duara la jua lilipenya bado, likanifuata kama taa. Wahudumu pia wanaweza kuyatia giza madirisha yote kwa pamoja ili watu walale. Hapo aliye upande wa kivuli ana nafuu, maana akilifungua lake kidogo hamwagi mwanga machoni mwa mtu yeyote. Wakati wa kupaa na kutua mashirika mengi huamuru yafunguliwe yote, na si kwa ajili ya mandhari: wahudumu wanahitaji kuona nje kama kuna moto au kizuizi, na macho ya kila mtu yawe yamezoea mwanga uliopo.

Na mwili. Mtu wa dirishani hunyanyuka mara chache kuliko wengine, kwa aibu ya kuwasumbua. Mimi nilikuwa hivyo hadi siku niliyoshindwa kuvaa viatu kwa kuvimba miguu. Kukaa bila kusogea kwa saa nyingi huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na anayenyimwa nafasi ya kupita ndiye huyo wa dirishani. Sasa kila jirani anaponyanyuka, nami nanyanyuka, hata kama sina pa kwenda. Ngozi pia. Madirisha ya abiria huzuia karibu miale yote inayobabua, lakini sehemu ya ile miale ya urujuanimno inayozama ndani zaidi inaweza kupita, kwa hiyo nikilazimika kukaa upande wa jua mchana kutwa ninapaka mafuta ya kinga kama ninayekwenda ufukweni.

Miaka miwili baada ya safari ile ya kwanza niliipata tena: Frankfurt hadi Chicago, mchana, Februari vile vile. Nikaketi 38K. Nilikuwa nimeisubiri kwa namna ambayo sijui kama nitaeleweka. Nilitaka kuona kitu gani kilikuwa upande wa pili siku ile nilipokaa kando ya ukuta wangu.

Kilikuwa Greenland. Katikati ya safari mawingu yalikatika na ncha yake ya kusini ikatokea, kulia kwetu, yote imemulikwa kutoka nyuma ya mabega yetu. Milima myeusi iliyochongoka ikitoka kwenye weupe, mito ya barafu ikiteremka katikati yake kwa mikunjo kama kitambaa kizito, na kwenye bahari ya buluu nzito vipande vilivyovunjika vimetawanyika, vidogo kama punje za chumvi, ingawa kila kimoja huenda kilikuwa kikubwa kuliko jengo. Nje ya kioo kulikuwa na baridi ya nyuzi 50 na ushei chini ya sifuri. Kwenye kile kitundu kidogo kilicho upande wa chini wa dirisha, ambacho husaidia kusawazisha hewa kati ya tabaka na kuondoa unyevu, barafu ilikuwa imechora nyota yake. Kijana aliyekaa katikati aliinama mbele yangu akatazama kimya kwa muda mrefu. Nikamwachia nafasi. Jua halikumgusa usoni hata mara moja.

Baadaye mawingu yakarudi, mazito na bapa, na juu yake kukatokea duara la rangi: nyekundu kwa nje, buluu kwa ndani, na duara jingine hafifu likilizunguka. Lilikwenda nasi, likipanda na kushuka na mawingu. Hutokea pale matone madogo ya maji yanaporudisha mwanga karibu kule kule ulikotoka, ndiyo maana huonekana tu upande ulio kinyume na jua, kulizunguka eneo ambalo kivuli cha ndege kingeangukia. Kutoka juu vile kivuli chenyewe hakionekani, kimefifia njiani. Yanabaki maduara yake tu.

Tulipoanza kushuka kuelekea Chicago, tukaingia ndani ya mawingu na kutokea chini yake, jua likipenya kwenye mianya. Ndipo nikakiona. Kitone cheusi juu ya ardhi, mbali, nyuma kidogo ya bawa. Kikaja kikikua. Kikawa msalaba, kisha kikapata mkia na mabawa. Kilipita juu ya mapaa ya nyumba bila kupunguza mwendo, kikakunjika kwenye kuta, kikavuka barabara kuu iliyojaa magari, kikapanda ghala na kuteremka upande wa pili. Kijana alikuwa amekiona pia, akanyoosha kidole. Kikawa kikubwa, kikaja karibu, tukaona madirisha hayana alama juu yake lakini injini zinaonekana wazi. Kikaingia uwanjani juu ya nyasi kavu, kikakimbia sambamba nasi, kikapanda kwenye lami, na magurudumu yalipogusa chini kikawa kimetufikia.